Daraja la Utani

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Xaveri Haule, nami nilidhani amepaliwa na chai.

Tulikuwa ukumbi wa chini wa Taasisi yetu pale Iringa, asubuhi yenye baridi ya kukata masikio. Watu wa Litundumo walikuwa wamekaa na vikombe mkononi, wamevaa vizuri, wamechana nywele, mashavu yamerudi. Mimi, Daktari Twilumba Kikoti, niliyewapokea walipoletwa hapa wakiwa hawali, hawalali, hawajui kama ni Jumatatu au Pasaka, nilisimama nyuma yao nikijiona kama mama ambaye wanawe wote wamefaulu mtihani. Fahari hiyo ilidumu mpaka Hilali Mpembe alipofungua mdomo.

Mpembe ni meneja wa Kampuni ya Ng'aro, wachimbaji wa madini ya betri kule Ruvuma. Bwawa lao la tope la mgodi ndilo lililobomoka mchana kweupe na kuifukia Litundumo, shule kwanza, nyumba baadaye. Alikuwa amekuja kutoa pole. Pole gani, jamani!

"Ndugu zangu," alisema, mikono ameikunja mbele kama yuko kanisani, "uchunguzi umekamilika. Ukuta wetu haukuwa na kasoro yoyote. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kutuletea taarifa kwamba unavuja. Kilichotokea ni kwamba watoto wenu walikuwa wakichimba mchanga chini ya ukuta. Inasikitisha, lakini ndiyo hivyo."

Aliyasema hayo mbele ya watu ambao watoto wao bado wako chini ya tope hilo. Hawajatolewa mpaka leo. Nilisubiri kiti kiruke. Nilijiandaa kumshika Mzee Xaveri, aliyepoteza mke na wajukuu wote, maana nilijua ataanza yeye.

Akaanza kweli. Akacheka.

"Lo! Mpembe, mwizi wewe!" alipiga paja. "Ukishamaliza watoto utarudi kutuvua na suruali!"

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Mama mmoja, Batilda, akafuta machozi ya kucheka kwa upindo wa kitenge. "Mpeni na shamba langu huyo, kwao hawana pa kulima! Mwangalieni alivyokonda shingo!"

Mpembe mwenyewe alipigwa na butwaa. Lakini ni mtu mwepesi, akatoa kinasa sauti mfukoni upesi kabla bahati haijamkimbia. Siku hizi mkataba hausainiwi, unasemwa. Akakipitisha kwa mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakasema, huku wakimtania kuhusu tumbo lake na viatu vyake: nimekubali, sidai. Nimekubali, sidai.

Nilimkimbilia Mzee Xaveri nikamshika bega. "Mzee, umemsikia huyu mtu alichosema?"

"Nimemsikia."

"Amesema wajukuu zako walijiua wenyewe!"

"Ndiyo alivyo huyu, mtani. Mdomo mchafu tangu tumboni kwa mama yake." Akacheka tena, macho yake matulivu kabisa. "Mwache aende zake."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Na papo hapo, ndani ya hasira ile, nikakitambua kile kicheko. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi mno. Nilikuwa nimekipima, nimekichora, nimekifundishia wanafunzi.

*

Hapa lazima nieleze, na nitaeleza haraka kwa sababu bado nimekasirika.

Mtu aliyepatwa na kiwewe, au aliyezama kwenye sonona, ubongo wake hauna kidonda unachoweza kukiona. Una njia mbaya. Kuna kijisehemu ndani huko, ukubwa wa lozi, kinaitwa amigdala, kazi yake kupiga yowe la hatari. Kwa mtu mzima wa afya, yowe likipigwa, sehemu ya mbele ya ubongo inalijibu: tulia, hiyo ilikuwa zamani. Kwa mgonjwa, nyuzi za kati ya hizo sehemu mbili zimelegea, na nyuzi za kati ya yowe na kumbukumbu zimekaza kama kamba ya kuchotea maji. Kila akikumbuka, yowe. Kila yowe, kumbukumbu. Mdogo wangu Benito alilala hivyo mwaka mzima akitazama dari, mpaka tukamzika. Ndiyo sababu nipo kwenye kazi hii, na sitaki pole ya mtu.

Kofia tuliyotengeneza inazifungua nyuzi na kuzifunga upya. Hilo wengi waliliweza. Lililowashinda ni kujua zifungwe namna gani. Sisi jibu tulilipata msibani.

Mimi ni Mhehe. Watu wa Litundumo ni Wangoni. Babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka, wakaamua kuwa watani, na tangu hapo Mngoni hafi bila Mhehe kuja kumharibia msiba. Tuliwaomba wafiwa ruhusa, tukawawekea vipimo vyepesi chini ya vilemba vyao. Mjane analia hawezi hata kumeza mate. Mtani anaingia amevaa suruali ya marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anamwambia mjane, "Nilikuambia uolewe na mimi, ona sasa huyu mlevi amekukimbia." Na mjane anacheka, machozi bado yanamtiririka. Kwenye ramani ya ubongo wake tuliona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukichora. Uchungu upo. Kumbukumbu ipo. Lakini yowe limechukuliwa na njia nyingine, likatokea kwenye kicheko. Njia ile tuliiita daraja la utani. Tukainakili kwenye kofia.

"Kasiani," nilimwambia fundi wetu wa ramani nilipoingia maabara, sikusalimia hata, "fungua ramani ya ubongo wa Mzee Xaveri ya asubuhi hii, kipimo bado anacho kichwani. Wakati Mpembe anazungumza."

Kasiani Gama ni Mngoni, na siku zote nikiingia huwa ananiuliza kama nimemla mbwa wa mlinzi, kwa utani wao kwamba Wahehe tunakula mbwa. Safari hii aliniangalia usoni tu, akafungua.

Daraja lilikuwa linawaka lote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nionyeshe wakiwa na mtu mwingine aliyewaumiza," nilisema. "Kuna rekodi za wiki iliyopita. Yule polisi aliyewafukuza kwenye kambi ya maafa, alipopita hapa."

Likawaka.

"Yule aliyemwibia Batilda mizigo yake."

Likawaka.

Kasiani alivua miwani. "Daktari, kwao wote hawa ni watani."

"Kila anayewaumiza ni mtani."

"Yule mjane wetu," alisema polepole, "tulipompima, alikuwa anajua anacheka na nani. Huo ujuzi hauko kwenye daraja. Uko mahali pengine, umetawanyika, mtu anaukusanya tangu utotoni. Tumenakili daraja, mlinzi wa darajani tumemwacha."

Nilikaa chini. Mgeni asingeweza kufanya kosa hili, maana mgeni asingejua hata kwamba watu wanacheka namna ile msibani. Ni sisi tu, tuliokulia humo, tuliodhani kwamba mtu kujua mtani wake ni nani ni jambo la kuzaliwa nalo, kama kupumua.

Profesa Luhwago, mkurugenzi wetu, alikuja mwenyewe maabara. Habari za mimi kumfukuza Mpembe ukumbini zilikuwa zimemfikia. Alisikiliza yote amesimama. Ni Mhehe mwenzangu, mtu mzima, na ni mwalimu wangu. Nilitaka ashtuke.

"Wanalala?" aliuliza.

"Profesa..."

"Nimeuliza, wanalala?"

"Wanalala."

"Wanakula. Wanaoga. Hakuna aliyejidhuru tangu tuwavalishe. Wewe ulikuwepo walipokuja, Twilumba. Mzee Xaveri alikuwa anajing'ata mikono mpaka mfupa. Unataka nini?"

"Nataka wakitukanwa wakasirike! Nataka mtu akiwaambia wameua watoto wao wenyewe wasimgawie na shamba! Hiyo siyo afya, Profesa, huo ni uchawi wa msukule!"

"Basi wafungue. Kofia ile pale. Warudishe kwenye tope, halafu uje uniambie umewasaidia."

Niliitazama ile kofia. Alijua sitaigusa, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Kutengeneza ramani mpya ni kazi ya mwaka," alisema kwa sauti ya chini. "Tutaifanya, nakuahidi. Lakini kuna mama mmoja bado hajavalishwa, na juzi muuguzi alimkuta amesimama juu ya ukingo wa ghorofa. Kesho avalishwe. Na usimweleze mambo haya. Mgonjwa aliye ukingoni huwezi kumpa hesabu ya namna hiyo aifanye peke yake."

*

Nilimweleza. Nilikwenda moja kwa moja.

Gaudensia Komba alikuwa kitandani, magoti kifuani, mgongo ukutani. Mkononi alivaa kikuku chake cha mawasiliano, kile cha plastiki ya bluu, na mkono wa pili ulikuwa umekibana kama anazuia damu. Alikuwa mpishi kwenye mgodi wa Ng'aro. Binti yake wa pekee, Ponsiana, alikuwa shuleni siku ile.

"Kamwene, mtani," nilimsalimia Kihehe.

"Mhehe. Mbwa wa mlinzi mzima?" Alisema bila kunitazama. Utani ulimtoka kwa mazoea tu, sauti kavu.

"Mzima. Nyie mliokimbia kutoka Afrika Kusini mpaka huku bado mna pumzi ya kuuliza?"

Hakucheka. Nilivuta kiti nikakaa, na nikamwambia yote: kofia, daraja, Mzee Xaveri, kinasa sauti. Nilimwambia kwamba Baraza la Maafa litakaa mwezi ujao, na kwa sheria yao anayedai lazima asimame mwenyewe, aseme kwa mdomo wake anadai nini na kwa nani. Wengine wote walikuwa wameshasema hawadai. Amebaki yeye.

"Ukivaa kofia utalala," nilimaliza. "Lakini Mpembe akikuambia hakuna aliyemwarifu kwamba ukuta unavuja, utamcheka, basi."

Hapo aligeuka. "Amesema hivyo? Hakuna aliyemwarifu?"

"Mbele ya wote."

"Nilimwarifu mimi." Alishusha miguu sakafuni. "Mimi! Nilikuwa naokota kuni chini ya ukuta, nikaona maji yanatoka, maji ya rangi ya kutu. Nikaenda ofisini kwake na aproni yangu. Akaniambia, mama, rudi jikoni, wageni wanasubiri chakula. Nikarudi. Nikapika wali."

Moto uliniwaka mwili mzima. "Gaudensia, hilo ndilo neno lenyewe! Hilo likisemwa kwenye Baraza wamekwisha. Vumilia mwezi mmoja tu, nitakaa na wewe hapa hapa, nitalala sakafuni..."

"Shika hapa," alisema.

Alinisogezea mkono wenye kikuku. Nilishika. Kilikuwa kimya, cha baridi.

"Ponsiana alikuwa na cha kwake. Nilimnunulia viwili vinavyozungumza, ili nikiwa jikoni nimsikie moyo wake, maana alikuwa na pumu. Tope lilipopita, kikuku kiliendelea. Wamenishika nisiende kuchimba kwa mikono, na mimi huku mkononi namsikia. Du, du, du. Jua limetua namsikia. Unajua moyo wa mtoto unavyokwenda ukichoka? Mimi najua. Kiliponyamaza nilikuwa nimelala tumbo chini nimekiweka sikioni. Sasa kila nikifumba macho kinaanza tena, Daktari. Kinaanza mwanzo."

Nilikuwa nimeshika mkono wake, nalia kama mjinga.

"Na wewe unakuja kuniambia vumilia mwezi mmoja." Sauti yake ilipanda. Alinyanyuka kitandani, akanisimamia, na nakiri niliogopa. "Vumilia upate shahidi! Mimi nikae humu topeni na mwanangu, nife naye kila siku mara ngapi sijui, ili nyie huko nje mpate mtu wa kukasirika vizuri mbele ya Baraza? Una wazimu? Hasira yangu siyo kisima cha kijiji, kila mwenye kiu aje na ndoo! Kama unaipenda sana hasira, kasirika wewe! Wewe si umekula, si umelala? Una nguvu. Kasirika!"

"Nimekasirika, Gaudensia."

"Basi hiyo inatosha. Yangu iache."

Alikaa tena, ghafla. Nje mtu alikuwa anafagia majani ya mikaratusi, na nilitamani kwenda kumnyang'anya ufagio nimpige nao mtu yeyote.

Ningeweza kukataa. Ufunguo wa kofia ulikuwa mfukoni mwangu. Ningesema mtambo umeharibika, ningemfungia madirisha, ningemwekea muuguzi mlangoni mwezi mzima. Kijiji kizima kingepata haki yao kupitia mdomo wake. Na pengine angeishi mpaka siku hiyo. Pengine. Nilimwangalia yule mama na nikaliona neno "pengine" lilivyo la kishenzi likisemwa na mtu anayelala usingizi wake vizuri.

"Umesikia nilichokueleza?" nilimuuliza. "Kwamba hata huyo Mpembe..."

"Nimesikia. Nitamcheka. Kumcheka na kumlilia, kipi kimemrudisha mwanangu?" Alifuta pua kwa kiganja. "Utanivalisha au hunivalishi?"

Nilimvalisha. Kasiani alikaa kwenye mtambo, mimi nikamshika mkono. Nyuzi zile zilipofunguliwa alishusha pumzi ndefu, na uso wake ukaanza kufanana na wa mtu mwingine, mama fulani mzuri ambaye sikuwahi kukutana naye. Alilala palepale kwenye kiti. Nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya mfagiaji ikaenda kugonga ukuta, na mfagiaji wa watu akaenda kuiokota.

*

Baraza la Maafa lilikaa mwezi uliofuata, likauliza nani anadai, na hakuna aliyedai. Gaudensia alimwambia mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima mwenye sura kali, kwamba Mpembe ni mjinga wa kuzaliwa na hakuna haja ya kumsumbua. Watu wa Litundumo wakaangua kicheko. Mimi niliomba kusema, nikaambiwa sikufiwa. Nilipopiga meza nikatolewa nje na walinzi. Mwenyekiti alinitazama wakati natolewa, lakini sheria ni sheria.

Kisha Ng'aro wakatangaza wataifunika Litundumo. Siyo kuwachimbua watu wakazikwe, hapana. Walikuwa na saruji hai, ile inayomea yenyewe kama kuvu na kukauka kuwa jiwe. Wataimwaga juu ya tope lote, wapande maua, waziri akate utepe. Watoto wabaki humo humo milele, bila kaburi la kuoneshana kwa kidole.

Nilikwenda. Nilipanda basi moja na wafiwa, safari nzima wanaimba. Tulikuta mahema, viti vyekundu, soda. Waziri alikuwa amekaa jukwaani, pembeni yake mwenyekiti wa Baraza. Mpembe alikuwa anahangaika huku na huku, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye kola yake, anajaribu hotuba. Mbele yetu tope lilikuwa limekauka na kupasuka, pana kama ziwa, na ukingoni magari ya saruji yamejipanga yananguruma.

Gaudensia alikuwa amekaa pembeni yangu. Amenenepa, ngozi imerudi rangi. Alinyoosha kidole. "Shule ilikuwa pale. Ponsiana yuko pale, karibu na ule mti wa bendera." Alisema na tabasamu dogo, kama anayenionyesha nyumba ya shangazi. Niligeuza uso. Sikuweza.

"Mtani, wewe vipi?" akanipiga kiwiko. "Msibani kwetu umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukaa na nyie."

"Kukaa!" Aliwageukia wenzake. "Jamani, mmemsikia? Mhehe amekuja kukaa! Bibi yangu alipokufa, Wahehe walilala kaburini wakagoma kutoka mpaka wakapewa jogoo. Jeneza limekaa juani, padri anatokwa jasho! Huyu wa siku hizi amekuja kunywa soda. Utani umeisha!"

Wakacheka wote. Mzee Xaveri alitikisa kichwa kunisikitikia.

Nilimtazama Gaudensia. Kofia ilikuwa imewafunga kumwachia kila mtu kila kitu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naamini mimi, daktari mzima niliyesoma mpaka kichwa kikauma. Lakini mtani akikuchukulia mbuzi, wewe unakwenda kumng'olea mlango. Hivyo tangu lini utani ukawa wa upande mmoja? Na hawa waliokaa hapa, nani alishawahi kuwapa nafasi ya kurudisha?

Nilivua koti. Nilishuka kwenye lile tope na viatu vyangu vya ofisini, nikaenda mbele ya gari la kwanza la saruji, nikalala chali.

Breki zilipiga kelele. Dereva akatoa kichwa. "Mama! Mama, ondoka hapo!"

"Siondoki! Mimi ni mtani, na msiba huu haufukiwi!"

Halafu nikasikia kicheko kimoja, cha Gaudensia, kikipanda mpaka kikawa vigelegele. "Eeeh! Huyo sasa ndiye Mhehe!" Viti vikaanguka. Nikasikia miguu. Akajitupa pembeni yangu, kitenge chake kizuri kwenye tope. "Na mimi nazuia! Hapiti mtu!" Akaja Batilda. Akaja Mzee Xaveri na fimbo yake, akalala kwa uangalifu, mguu mmoja mmoja, anaguna na kucheka. Wakaja wote. Sisi tumejipanga chini kama mahindi yanayoanikwa, wao wanacheka, mimi meno nimeyauma kwa hasira, na magari yamesimama.

Mpembe alikuja mbio. "Ndugu zangu, tafadhali. Mheshimiwa anasubiri. Mnataka nini?"

"Jogoo!" alipiga kelele Batilda.

"Watoto," alisema Gaudensia, bado anacheka. "Tutolee mmoja mmoja, tuwazike kwa majina yao. Ukimaliza tunakupisha, mtani, hata kama ni mwakani. Sisi tumelala, hatuna haraka."

"Mlishakubali! Nina sauti zenu!"

"Kukubali tulikubali," alisema Mzee Xaveri, "tukakuachia na shamba. Sasa zamu yetu. Mpembe, hilo tumbo ni la kwako, au ndimo ulimoficha ukuta wa bwawa?"

Kicheko kikapasuka mpaka kule kwenye mahema. Madereva walikuwa wanacheka. Askari mmoja aligeuka kuficha uso. Mpembe alikuwa ameiva kama pilipili. Pale chini topeni tulikuwa wawili tu tusio na daraja kichwani, mimi na yeye, na nilimwona yowe linavyompanda, halina pa kwenda.

"Wajinga nyie!" alipiga kelele, na kipaza sauti cha kwenye kola kikaipeleka sauti yake kwenye kila spika uwanjani. "Mnanicheka mimi? Mlikuwa mnafanya nini pale chini? Huyu mama alikuja ofisini kwangu kwa miguu yake akasema ukuta unatoa maji, halafu akarudi kupika! Kama aliyaona, mbona hakumhamisha mwanawe? Mlitaka nifunge mgodi mzima kwa neno la mpishi?"

Spika zilirudia neno "mpishi" kwa mbali, kutoka ng'ambo ya tope. Waziri alikuwa amesimama. Mpembe alishika kola yake, akaiangalia, akaniangalia mimi.

Nilitaka kuinuka nimrukie shingoni. Naapa, mikono yangu ilikuwa tayari.

Gaudensia aliinuka kwanza, akakaa, akajifuta tope mashavuni. Alimtazama yule mtu bila chuki hata chembe, kwa macho yale mapya niliyompa mimi.

"Pole, mtani," alimwambia. "Kumbe neno hilo ulikuwa nalo muda wote huo, peke yako."

Mpembe alikaa chini palepale alipokuwa, suti na yote. Juu ya jukwaa, mwenyekiti wa Baraza, aliyesikia dai na jibu lake vyote kwenye spika, alikuwa amevua viatu, na alikuwa anashuka kwenye tope, anakuja tulipolala.